Mpaka wa Hatua Mbili

Mpaka wa ardhi hauonekani na ndege apitaye juu yake, wala mvua haiujui inaponyesha. Lakini mwanadamu akiona umesogezwa hatua mbili, usingizi humtoka. Jambo hili ni kweli kwa dola kubwa, na ni kweli vilevile kwa viwanja vidogo vya Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam, ambako nyumba zimepanda vilima na kushuka mabonde pasipo kungoja ramani. Wakazi wa Kimara wametoka kila pembe ya nchi. Wengi walinunua ardhi kwa watu waliokuwa na mashamba ya mihogo na miembe, wakaandikiana karatasi mbele ya mashahidi, na mipaka ikatajwa kwa vitu vilivyoonekana siku ile: mwembe mashariki, njia ya miguu magharibi, korongo kusini. Miembe mingi kati ya hiyo imekwisha kukatwa. Karatasi zimebaki.

Katika mtaa mmoja wa huko walikaa majirani wawili walionunua kwa muuzaji mmoja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, katika sehemu iitwayo sasa Wilaya ya Missenyi. Wa pili alikuwa mama mzaliwa wa Tarakea katika Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mume wa mama huyo na Mwalimu walikuwa marafiki. Kwa hiyo Mwalimu alimwita mama huyo shemeji, naye alimwita Mwalimu, kama mtaa mzima ulivyomwita. Kiwanja cha mama kilikuwa mbele, karibu na barabara. Cha Mwalimu kilikuwa nyuma. Kati yao palikuwa na mwembe, na baada ya mwembe kukatwa palikuwa na heshima tu.

Katika mwaka 2017 barabara iliwafuata. Ilikuwa ipanuliwe kutoka Kimara hadi Kibaha, na majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi yake, mita 121.5 kutoka katikati kwa kila upande, yalipigwa alama ya X, kisha yakabomolewa kutoka Kimara mpaka Kiluvya. Fremu tatu za maduka na sebule ya mama yule zilianguka katika asubuhi moja. Mumewe hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mjane alikusanya matofali yaliyosalimika, akajenga jiko upya nyuma ya vyumba vilivyobaki, na toka ukutani akavuta uzio wa mabati mpaka mwisho wa kiwanja. Mstari wa barabara ulikuwa umemsukuma yeye, naye akamsukuma jirani.

Mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu alipoupima uzio ule kwa miguu yake, alfajiri moja, mjane alipokuwa amekwenda sokoni. Alihesabu hatua mbili. Alinyamaza mwezi mzima, lakini salamu zake zilikuwa fupi, na mtu mwenye salamu fupi hana siri. Mwishowe akasema:

"Shemeji, ukuta huu umeingia kwangu."

"Mwalimu," mjane akajibu, "nimebomolewa nusu ya nyumba. Kama nimeingia kwako, nionyeshe pa kwenda."

Toka siku hiyo kila mmoja aliipeleka karatasi yake kwa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi zote mbili zilikuwa halali, na zote mbili zilitaja mwembe usiokuwapo. Watoto wa mjane hawakutumwa tena kwa Mwalimu kuomba moto wala kupeleka sahani.

Ajabu ya ugomvi huu ni kwamba wagombanaji wake walizaliwa kando ya mpaka mmoja, yaani mpaka wa kaskazini wa Tanzania, mmoja mashariki ya Ziwa Victoria na mwingine magharibi yake. Zaidi ya hayo, Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa Kimara kwa miaka mingi jinsi mpaka huo ulivyopatikana. Somo hilo lilikuwa moja katika masomo aliyoyapenda, na lafaa kusimuliwa hapa kwa mpango aliokuwa akiufuata.

Alianza kwa kuondoa kosa. Watu wengi husema kuwa mipaka ya Afrika Mashariki ilichorwa mezani katika Mkutano wa Berlin. Mkutano huo, ulioanza Novemba 1884 na kwisha Februari 1885, uliweka kanuni za madola ya Ulaya katika kugawana pwani za Afrika, lakini haukuchora mstari kati ya Umba na Ziwa Victoria. Mstari huo ulikuja baadaye, na ulitanguliwa na shindano la karatasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Kilimanjaro kwa uchunguzi wa mimea na wanyama, akaondoka na mikataba aliyoipata Taveta. Mwisho wa mwaka uleule Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwatilisha watawala sahihi katika maandishi ya lugha wasiyoijua. Na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya kuyalinda aliyoyapata. Seyyid Barghash wa Unguja, aliyehesabu kuwa bara ni yake, alimtuma Jenerali Mathews mpaka Uchagani, na wamangi kadhaa wakaipokea bendera yake. Mathews alipoondoka, akaja Carl Jühlke, mwenzake Peters, na Mangi Rindi wa Moshi akakubali mkataba mwingine. Hivyo, katika muda mfupi, mlima mmoja ulikuwa umeahidiwa kwa watu watatu. Mtu asiwacheke wamangi wale. Mwenye nyumba akibishiwa hodi na wageni watatu wenye bunduki, huwakaribisha wote, na moyoni huomba wagombane wao kwa wao.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba la Seyyid Barghash, na madai yake ya bara yakanyamazishwa. Baada ya hapo wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walipita pwani kuuliza mamlaka yake yaishia wapi. Kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zikamaliza mambo kwa kubadilishana barua. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Nyuma ya ukanda huo bara iligawanywa kwa mstari ulioanzia mlangoni mwa Mto Umba, ukaenda Ziwa Jipe, ukapita kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukazunguka kaskazini ya Kilimanjaro, kisha ukanyooka mpaka mahali ambapo digrii ya kwanza ya kusini hukutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Taveta ikawa upande wa Waingereza, mlima upande wa Wajerumani.

Hapo Mwalimu alikuwa akiligeukia darasa na kuuliza kwa nini mstari ulionyooka hivyo umepinda penye mlima. Mkono mmoja haukukosa kunyoshwa, na jibu lilikuwa lilelile: Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro awe na mlima wenye theluji, kwani yeye alikuwa na miwili. Mwalimu mwenyewe, alipokuwa kijana, aliisimulia hadithi hiyo, maana watoto walicheka na kukumbuka. Baadaye aliacha. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alitawazwa mwaka 1888, na mstari ulikuwa umekwisha kukubaliwa miaka miwili kabla. Mlima haukutolewa zawadi. Ulipiganiwa kwa mikataba na ukaamuliwa kwa bei. Ubaya wa hadithi, Mwalimu alisema, si kwamba ni ya uongo tu. Ubaya wake ni kuwa inayafanya madalali kuwa mapenzi ya bibi kwa mjukuu, na mwenye kuamini kuwa alitolewa zawadi hataki tena kujua nani aliuziana naye.

Magharibi ya Ziwa palibaki bila mstari kwa miaka minne. Tarehe 1 Julai 1890 madola yaleyale mawili yalifanya mkataba mwingine. Uingereza ilipata ulinzi wa Unguja na Pemba. Ujerumani ilipata Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, ambacho watu wake nao hawakuulizwa. Katika mkataba huo digrii ya kwanza ya kusini ilivutwa kuvuka maji ya Ziwa na kuendelea nchi kavu upande wa magharibi. Digrii si mto wala kilima, ni hesabu. Ilipita juu ya migomba, makaburi na malisho, ikakiacha kipande cha nchi kaskazini ya Mto Kagera kiwe upande wa Wajerumani, na sehemu ya chini ya mto huohuo, pamoja na mlango wake wa kuingilia Ziwani, upande wa Waingereza. Katika kipande hicho ndimo alimozaliwa Mwalimu.

Hata katika tambarare za Wamasai mstari ulikuwa wino tu kwa muda mrefu. Miaka kadhaa baada ya kuafikiana, wapimaji wa pande zote mbili walitumwa kuutafuta ardhini na kuusimikia alama, kazi iliyoendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wamasai walijikuta wana mamlaka mbili na ng'ombe walewale. Nyumbu wa Serengeti waliendelea kwenda Mara na kurudi kila mwaka, na mpaka leo hawajaonyesha karatasi kwa mtu.

Vita vya 1914 viliugeuza mstari kuwa uwanja wa mapigano. Wajerumani waliishika Taveta toka Agosti 1914 mpaka Machi 1916. Wajerumani walipokwisha kushindwa, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, na mpaka wa kaskazini ukawa kama ukuta kati ya vyumba viwili vya mpangaji mmoja. Ulikuwapo, lakini mlango ulikuwa wazi. Uhuru ulipokuja, Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963, ukuta ule ukawa wa nyumba tatu zenye wenyewe.

Viongozi wapya walikuwa na njia mbili. Waliweza kuikataa mistari ya wageni na kuanza kuipima Afrika upya, au kuikubali na kubeba dhulma iliyokuwamo. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikata shauri, kwa pendekezo la Mwalimu Julius Nyerere, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Hawakusema kwamba ilichorwa kwa haki. Walijua kuwa ukifunguliwa mmoja, hautabaki hata mmoja uliofungwa. Tangu siku hiyo mistari ya wageni ikawa amana ya wenyeji, na amana, hata iwe nzito na mbaya, huwa na mlinzi.

Majirani wa Kimara waliijua amana hiyo kwa miili yao. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa mpaka 1983. Mjane alikuwa na miaka tisa. Shangazi yake alikuwa ameolewa upande wa Loitokitok, mahali ambapo mtu wa Tarakea alikuwa akienda sokoni na kurudi kabla ya jua kutua. Bibi yake alipofariki, shangazi alikuja usiku kwa njia za mashambani, akamlilia mama yake kwa sauti ya chini, akaondoka kabla ya jogoo. Mtoto wa miaka tisa aliona mtu mzima akiogopa kulia, na hakusahau.

Kwa Mwalimu ilikuwa Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Kagera, na mwanzo wa Novemba ikatangazwa kuwa sehemu hiyo, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni ya Uganda na mto ndio mpaka. Kwa jicho la mgeni mto ni mpaka mzuri kuliko digrii, kwani huonekana. Lakini wenyeji waliokuwa wakikimbilia kusini, na vichwani wana magodoro na kuku, hawakuwa wakikimbia mantiki ya ramani. Mwalimu, kijana wa miaka kumi na tisa, alivuka daraja la Kyaka pamoja na mama yake, siku chache kabla daraja halijavunjwa. Baba yake alibaki na ng'ombe. Tanzania ilipigana kuirudisha digrii ile iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kumwona Mhaya, na Aprili 1979 vita vilimfikisha Amin mwisho wa utawala wake. Mwalimu aliporudi alikuta kuta bila paa, kahawa imekauka mtini, na baba hayupo. Na baba hakuonekana tena. Kitu kimoja kilikuwa kama walivyokiacha. Pembeni mwa kibanja, kati yao na jirani, mimulamula iliyopandwa na babu ilisimama mstari mmoja, mibichi kabisa. Majirani waliporudi, kila mmoja alijua pa kuanza kujenga, na hapana aliyegombana.

Basi mtu aliyeyaona hayo yote alikuwa sasa Kimara, hasemi na mjane kwa sababu ya hatua mbili. Alilijua hilo, na kujua hakukumsaidia. Mtu aliyewahi kupoteza kila kitu kwa kusogezewa mpaka haoni kuwa hatua mbili ni ndogo. Na mjane aliyekatiwa nusu ya nyumba kwa mstari asioulizwa hakuona sababu ya kuuliza alipovuta wa kwake.

Ndipo wakaja wapimaji wa urasimishaji, waliokuwa wakivipima viwanja vya makazi holela ili wenyewe wapate hati. Kijana mwenye mashine ya miguu mitatu alisimama kati ya nyumba mbili, akauliza:

"Mmekubaliana mpaka uko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kijana akaeleza, bila hasira, kuwa yeye hana mamlaka ya kuwaamulia. Kazi yake ni kuweka bikoni pale ambapo majirani wote wawili wamesimama na kutia sahihi. Akasema atarudi Jumamosi.

Mwalimu aliingia ndani akakaa. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amefundisha habari za wapimaji waliokuja na mstari wao mkononi. Hakuwahi kufundisha habari za mpimaji aliyekuja na swali.

Ijumaa jioni mjane alibisha hodi. Mkononi alikuwa na jani la sale, alilolichuma kwa mtu wa kwao aliyeotesha uani. Kwa Wachaga, anayekosewa akiletewa sale hukataa kwa shida sana, kwa kuwa mmea huo ni alama ya kuomba amani, na ndio huo hupandwa mipakani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, shemeji. Karibu."

Mwalimu alilitazama jani, akalitambua. "Huu kwetu tunauita mulamula," akasema. "Kulamula ni kuamua wanaogombana."

Walitoka na jembe. Giza lilikuwa bado halijaingia walipokipata kisiki cha mwembe, kimeoza, kando ya ukuta wa jiko, upande wa mjane. Mwalimu alikuwa na haki. Zilikuwa hatua mbili kamili. Mjane alikitazama kisiki muda mrefu, kisha akasema kuwa uzio ataung'oa kesho, lakini jiko halina pa kwenda.

"Uzio urudi penye kisiki," Mwalimu akajibu. "Jiko libaki. Sehemu ya jiko nimekupa. Ila iandikwe kwamba nimetoa. Isiandikwe kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

"Kuna tofauti gani, Mwalimu, nami nimekwisha kuipata?"

"Wajukuu wetu wasije wakaisimulia vingine."

Jumamosi mpimaji aliporudi hakuwa na fomu yenye nafasi ya maneno hayo. Kwa hiyo yaliandikwa nyuma ya zile karatasi mbili za zamani, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, kwa mkono wa Mwalimu ulionyooka kama ubaoni: kwamba mpaka wa asili ulipita penye mwembe, kwamba jiko la jirani lilivuka kwa hatua mbili, kwamba mwenye ardhi ameitoa sehemu hiyo kwa hiari yake, bila malipo, na kwamba uzio umerudishwa. Wote wakatia sahihi. Bikoni zikasimikwa.

Mvua za masika zilipoanza, mjane alipanda vipande vya sale toka bikoni moja hadi nyingine, akiuzunguka ukuta wa jiko kama mstari wa 1886 ulivyouzunguka mlima. Mtu atakayeuona mpaka huo baada ya miaka hamsini atauliza kwa nini umepinda pale. Jibu lipo nyuma ya karatasi, na ni la kweli.